Masafa ya uhakika ya 95%: hesabu sawa, tafsiri imekatwa (karafuu, miti 36)

MwanaWete

Assalamu alaykum waalimu wangu na ndugu zangu nyote.

Zoezi letu la mwaka wa kwanza lilikuwa hivi. Kutoka kila mkarafuu tulichukua kilo 3 za karafuu mbichi zilizokwishachambuliwa makonyo, kila fungu likaanikwa kwenye jamvi lake mpaka likakauka, kisha tukapima uzito mkavu. Miti ilikuwa 36. Wastani gramu 940, mkengeuko sanifu (kiasi ambacho miti hutofautiana na wastani) gramu 84.

Hesabu yangu:

84 ÷ √36 = 14
2.030 × 14 = 28.4
940 − 28.4 = 911.6 na 940 + 28.4 = 968.4

Nikamalizia kwa kuandika: "Kuna uwezekano wa 95% kwamba wastani wa kweli upo baina ya gramu 912 na 968." Hesabu nimepata alama zote, lakini sentensi imekatwa kwa wino mwekundu bila ya maelezo. Mwenzangu aliandika: "95% ya mikarafuu hutoa baina ya gramu 912 na 968." Naye kakatwa. Nilirudi kwenye daftari nikahesabu mmoja mmoja, miti iliyomo ndani ya masafa hayo ni 10 tu kati ya 36!

Naomba mnisaidie mambo matatu. Sentensi yangu ina kosa gani? Ya mwenzangu je? Na la tatu ndilo linalonisumbua zaidi: kila kitabu kinazungumzia "mgawanyo wa wastani za sampuli", na mimi nina sampuli moja tu. Wastani mmoja unagawanyikaje?

---

Takwimu_Chake

Wa alaykumu salaam. Nitaanza na la tatu, kwa sababu ukilielewa hilo mengine mawili hayatakupa tabu.

Chukua kundi dogo ambalo unaweza kulimaliza lote kwa mkono. Mvuvi ana madema 5, na leo yamekamata samaki 3, 4, 6, 7 na 15. Hilo ndilo kundi zima. Wastani wake ni 35 ÷ 5 = 7. Mkengeuko sanifu wa kundi zima (hapa tunagawanya kwa 5, si kwa 4, kwa kuwa hatukadirii kitu) ni √18 = 4.24.

Sasa tuseme wewe huyajui yote, umeruhusiwa kufungua madema 2 tu. Kuna namna 10 za kuchagua mawili kati ya matano. Zote hizi hapa, na wastani wa kila jozi:

3 na 4: 3.5
3 na 6: 4.5
3 na 7: 5
3 na 15: 9
4 na 6: 5
4 na 7: 5.5
4 na 15: 9.5
6 na 7: 6.5
6 na 15: 10.5
7 na 15: 11

Hizo wastani 10 ndizo mgawanyo wa wastani za sampuli, kwa sampuli za ukubwa wa 2. Haukuundwa na jozi uliyoipata wewe, ni orodha ya yote ambayo ungeweza kuyapata. Utafungua jozi moja tu na kuona nambari moja tu, lakini nambari hiyo imetoka kwenye orodha hii.

Zijumlishe: 70. Gawa kwa 10: 7, ambao ndio wastani wa kweli. Tazama kwamba hakuna hata jozi moja iliyotoa 7 kamili, zote kumi zimekosea kidogo au sana. Lakini makosa ya juu na ya chini yanalingana. Ndiyo maana tunasema wastani wa sampuli hauegemei upande.

Kisha tazama upana. Samaki kwenye dema moja moja ni kuanzia 3 hadi 15, na wastani za jozi ni kuanzia 3.5 hadi 11. Mkengeuko sanifu wa wastani hizo kumi ni √6.75 = 2.60, sio 4.24 tena. Ukifungua madema 4 badala ya 2, utapata wastani tano tu zinazowezekana: 8, 7.75, 7.25, 7 na 5. Mkengeuko wake ni 1.06. Kundi ni lile lile, dema lenye samaki 15 halikwenda popote, ila kadiri sampuli inavyokua ndivyo wastani zake zinavyosongamana karibu na 7.

Upana huo wa wastani za sampuli ndio unaoitwa kosa sanifu. Ile 14 yako ni makadirio yake.

Hiyo √n inatoka wapi? Ukijumlisha vipimo n visivyotegemeana, mitawanyo yake (yaani miraba ya mikengeuko) hujumlishana: n × σ² (σ ni mkengeuko sanifu wa kundi zima). Wastani ni jumla hiyo kugawanywa kwa n, na ukigawa kipimo kwa n, mtawanyo wake hugawanyika kwa n × n. Kwa hiyo n × σ² ÷ n² = σ² ÷ n, na kipeuo chake cha pili ni σ ÷ √n. Shika neno "visivyotegemeana". Hesabu yote imesimama juu yake.

(Atakayejaribu kwenye madema atakuta 18 ÷ 2 = 9, si 6.75. Ni kwa sababu tumechukua 2 kati ya 5 bila ya kurudisha, na kundi ni dogo. Hapo unazidisha kwa (N − n) ÷ (N − 1), ambapo N ni ukubwa wa kundi na n ni wa sampuli, yaani 3 ÷ 4, na 9 × 3 ÷ 4 = 6.75. Kundi likiwa kubwa sana kuliko sampuli, sahihisho hilo linakaribia 1 na huachwa. Ndiyo maana wanaosema sampuli lazima iwe 10% ya watu wote wanakosea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar na 61,741,120 Tanzania nzima. Watu 400 waliochaguliwa kwa kura kutoka Zanzibar, na 400 waliochaguliwa kwa kura kutoka Tanzania nzima, wanatoa kosa la ukubwa ule ule kwa asilimia: takriban 4.9 juu na chini, pale jibu linapokuwa nusu kwa nusu.)

Sasa sentensi yako. Wastani wa kweli ni nambari moja iliyokwishakuwepo, hata kama hakuna anayeijua. Ni kama mwamba chini ya maji, hauendi na wimbi. Kinachohama ni masafa yako: ungechukua miti mingine 36 ungepata wastani mwengine, mkengeuko mwengine na masafa mengine. Hiyo 95% ni sifa ya njia ya kutengeneza masafa, si sifa ya 912 hadi 968. Darasa lenye wanafunzi 40, kila mmoja akichukua sampuli yake na kutengeneza masafa yake, tutegemee takriban 38 wauzunguke wastani wa kweli na 2 waukose. Wale 2 hawatakuwa wamekosea hesabu yoyote wala hawatajijua.

Masafa yako ama yameukamata ama hayakuukamata. Katika njia hii, iliyoandikwa na Jerzy Neyman mwaka 1937, hakuna 95% ya kuigawa baada ya sampuli kutoka. Andika hivi: "Tuna uhakika wa 95% kwamba masafa ya gramu 912 hadi 968 yameuzunguka wastani wa kweli, kwa maana kwamba njia iliyotumika huuzunguka mara 95 kati ya 100." Ni ndefu, ila haitakatwa.

---

Mlinganyo

Naongeza kwa upande wa mwenzako. Kosa lake ni jengine kabisa na la kwako. Amechanganya upana wa miti na upana wa wastani.

Masafa haya yanauhusu wastani tu. Ungepima miti 3,600, mkengeuko wa miti ungebaki karibu na gramu 84, kwa kuwa mikarafuu haiwi sawasawa eti kwa sababu imepimwa mingi. Kosa sanifu lakini lingeshuka hadi 1.4, masafa yangekuwa chini ya gramu 3 kila upande, na miti iliyomo ndani yake ingekuwa michache sana. Hiyo 10 kati ya 36 uliyoipata ndiyo inayotegemewa: gramu 28 ni thuluthi moja ya mkengeuko wa 84, na kwenye mgawanyo wa kawaida thuluthi ya mkengeuko kila upande hubeba kiasi cha robo ya vipimo.

Akitaka kusema juu ya mti mmoja mpya ambao haujapimwa, atumie masafa ya utabiri:

84 × √(1 + 1/36) = 85.2
2.030 × 85.2 = 172.9
yaani gramu 767 hadi 1,113

Haya ndiyo yenye manufaa kwa mwenye shamba anayeuliza "mti wangu utanipa ngapi". Lakini yanataka vipimo vyenyewe viwe na umbo la kengele. Kwa wastani umbo hilo huja lenyewe sampuli ikikua (nadharia ya kikomo cha kati), kwa mti mmoja haliji.

Kuhusu 2.030, inayoitwa nambari ya t: umefanya vyema kutotumia 1.96. Hiyo 1.96 ni ya mtu anayeujua mkengeuko wa kundi zima, na wewe umeukadiria kutoka kwenye miti ile ile. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, ndiye aliyeonyesha mwaka 1908 kwamba sampuli ikiwa ndogo lazima masafa yapanuliwe. Kwa miti 36 tofauti ni ndogo. Kwa miti 5, ukitumia 1.96 unadhani una 95% kumbe una takriban 88% tu. Kwa miti 4 nambari sahihi ni 3.182.

Kwenye Excel andika =T.INV.2T(0.05,35) utapata 2.030, au =CONFIDENCE.T(0.05,84,36) utapata 28.4 moja kwa moja. Mkengeuko wa sampuli utoe kwa STDEV.S. Wengi wanabonyeza STDEV.P, inayogawanya kwa n badala ya n − 1. Kwa data yako ingetoa 82.8, na masafa yangekuwa membamba kuliko haki yake.

---

MwanaWete

Nimefahamu kuhusu madema, nimeyapiga mwenyewe kwa sampuli za 3 nikapata 1.73. Shukrani sana.

Takwimu_Chake umesema nishike "visivyotegemeana". Imenitia wasiwasi. Ile miti 36 haikutoka mashamba 36. Tulikwenda mashamba 6 na kila shamba tukachukua miti 6. Ina neno?

---

Takwimu_Chake

Ina neno, tena kubwa. Tupe wastani wa kila shamba.

---

MwanaWete

Shamba la 1: 1,010. La 2: 890. La 3: 985. La 4: 860. La 5: 1,000. La 6: 895. Wastani wake ni 940 ile ile.

---

Takwimu_Chake

Basi tazama. Mashamba yako yamejigawa wazi: matatu yapo karibu na gramu 1,000 na matatu yapo karibu na 880. Miti ya shamba moja ina udongo mmoja na mwenye shamba mmoja, imechumwa siku moja na kuanikwa chini ya jua moja. Ukishaujua mti mmoja wa shamba la 4, umeshapata habari nyingi za ile mitano iliyobaki. Kwa hiyo huna habari 36 zinazojitegemea, na √36 uliyogawanyia ni kubwa mno.

Njia nyepesi, na ya haki pale ambapo kila shamba lina idadi sawa ya miti, ni kulihesabu shamba kuwa kipimo kimoja. Una vipimo 6.

Tofauti na 940: 70, −50, 45, −80, 60, −45
Miraba: 4,900 + 2,500 + 2,025 + 6,400 + 3,600 + 2,025 = 21,450
21,450 ÷ 5 = 4,290, kipeuo chake 65.5
Kosa sanifu: 65.5 ÷ √6 = 26.7
Nambari ya t kwa vipimo 6 (digrii za uhuru 5, yaani 6 − 1): 2.571
2.571 × 26.7 = 68.7, tuseme 69

Masafa: gramu 871 hadi 1,009.

Wastani haukuguswa, ni 940 vile vile. Lakini masafa yametoka gramu 28 kila upande hadi 69, zaidi ya mara mbili. Sehemu ya ongezeko hilo ni kosa sanifu kuongezeka kutoka 14 hadi 26.7, na sehemu ni t kupanda kutoka 2.030 hadi 2.571. Yale ya kwanza uliyaita ya 95% nayo hayakuwa na 95% yoyote.

Hili ndilo kosa ninaloliona kwenye ripoti nyingi kuliko jengine lolote, na linaumiza kwa sababu halionekani kwenye kikokotoo. Fomula inaipokea 36 bila kuuliza imetoka wapi. Wanafunzi 200 kutoka skuli 4, wagonjwa 150 kutoka vituo 5, kaya 300 kutoka shehia 6: kila mara unakuta aliyeandika amegawanya kwa kipeuo cha idadi kubwa na kusahau idadi ndogo.

Ukitaka kujua kwa kipimo: ukubwa wa kufanana ndani ya shamba (sehemu ya mtawanyo wote inayotokana na tofauti baina ya mashamba), kwa data yako, unatoka 0.48. Zidisha kwa (6 − 1), ongeza 1, unapata 3.4. Gawa 36 kwa 3.4 upate kiasi cha 10.6. Miti yako 36 ina thamani ya miti isiyozidi 11 iliyochaguliwa kwa kura, mmoja mmoja, kote.

---

BiMwani_Paje

Samahanini kwa kuingilia, lakini nami nina swali la jirani. Kwangu si uzito, ni uwiano. Kamba 40 za mwani zilikaguliwa, 2 zimepata ugonjwa ule wa mwani kugeuka mweupe na kukatika. 2 ÷ 40 = 5%. Masafa niliyoyapata ni −1.8% hadi 11.8%. Asilimia chini ya sifuri naiandikaje?

---

Mlinganyo

Usiiandike, dada. Wala usiikate ukaweka 0, maana utaficha dalili kwamba fomula haifai hapa.

Fomula ya p ± 1.96 × √(p(1 − p) ÷ n), ambapo p ni uwiano wako, inadhani mgawanyo wa uwiano una umbo la kengele. Kwa 5% ya 40 hauna: umebanwa na sifuri kushoto na una mkia kulia. Kanuni ya darasani ni kwamba wenye sifa na wasio nayo wawe angalau 10 kila upande, na wewe una 2 na 38.

Tumia njia aliyoitoa Edwin Wilson mwaka 1927. Kwa 95%, z ni ile 1.96, na z² = 3.84 (nusu yake 1.92, robo yake 0.96):

Katikati: (2 + 1.92) ÷ (40 + 3.84) = 3.92 ÷ 43.84 = 0.089
Nusu upana: 1.96 × √(40 × 0.05 × 0.95 + 0.96) ÷ 43.84 = 1.96 × 1.691 ÷ 43.84 = 0.076

Masafa: 1.4% hadi 16.5%.

Katikati yake si 5% bali karibu 9%, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nafasi ya kukosea kwenda juu ni kubwa kuliko ya kwenda chini. Linganisha pia ncha ya juu: fomula ya kwanza ilikwambia 11.8%, hii inakwambia 16.5%. Kwa mkulima anayeamua kama ang'oe mapema au asubiri, hiyo ni tofauti ya kweli.

Na kama ungekuta kamba 0 kati ya 40, fomula ya kawaida ingekupa 0% hadi 0%, kana kwamba ugonjwa haupo kabisa. Hapo gawa 3 kwa n: 3 ÷ 40 = 7.5%. Huo ndio ukomo wa juu kwa uhakika wa 95%. Kwa hesabu kamili ni 7.2%, kwa hiyo njia ya mkato haipo mbali.

Neno la mwisho kwako: kamba 40 hizo ni za wakulima wangapi, na zilikaguliwa bamvua moja au kadhaa? Soma tena alichoandika Takwimu_Chake hapo juu kuhusu mashamba 6. Kamba za kiwanja kimoja huambukizana, na bamvua moja lenye maji ya moto halisemi chochote juu ya linalofuata.

---

BiMwani_Paje

Wakulima 8, kamba tano tano, bamvua moja. Zote mbili zenye ugonjwa ni za mtu mmoja. Nimekufahamu.

---

MwanaWete

Nina swali moja la mwisho. Tumeruhusiwa kurudia zoezi. Kwa kuwa masafa yametoka mapana, nilikuwa nafikiri turudi mashamba yale yale 6 tuongeze miti iwe 12 kila shamba, jumla 72. Itatosha?

---

Takwimu_Chake

Usifanye hivyo, utachoka bure. Data yako yenyewe inatuonyesha kwa nini.

Mtawanyo wako una sehemu mbili. Baina ya miti ya shamba moja ni 3,942. Baina ya shamba na shamba ni 3,633. Mtawanyo wa wastani wa shamba moja lenye miti m ni 3,633 + 3,942 ÷ m, kisha unagawanya kwa idadi ya mashamba.

Mashamba 6, miti 12 kila moja (jumla 72): 3,633 + 328.5 = 3,961.5. Gawa kwa 6, toa kipeuo: 25.7. Mara 2.571 ni gramu 66.

Mashamba 12, miti 3 kila moja (jumla 36): 3,633 + 1,314 = 4,947. Gawa kwa 12, toa kipeuo: 20.3. Nambari ya t sasa ni 2.201, na jibu ni gramu 45.

Kwa kazi maradufu ya kuchambua na kuanika utatoka 69 hadi 66. Kwa kazi ile ile ya miti 36, ukiisambaza kwenye mashamba 12, utatoka 69 hadi 45. Ile 3,633 haipungui kwa kuongeza miti. Inapungua kwa kuongeza mashamba tu. (Nambari hizi ni makadirio kutoka mashamba 6, zitasogea kidogo mkirudi, lakini mwelekeo hautageuka.)

Na mkirudi, angalieni haya, kwa sababu masafa ya uhakika hupima bahati ya kuchagua tu. Hayapimi kosa jengine lolote.

Mashamba yapigiwe kura. Ombeni orodha kwa sheha, kila shamba lipewe nambari, kisha =RANDBETWEEN(1,N) au vikaratasi kwenye bakuli. Mkichukua yaliyo karibu na barabara kwa ajili ya usafiri, mnapima mashamba ya barabarani. Ndani ya shamba, hesabuni miti, gawanyeni kwa 3, anzeni na nambari ya kura na mruke kwa hatua hiyo. Mtu akiachiwa achague mwenyewe atakwenda kwenye mti wenye matawi ya chini, usiotaka ngazi.

Ukavu uwe mmoja. Fungu lililopimwa siku ya tatu na lililopimwa siku ya tano si kitu kimoja, hasa mvua ikiwa imenyesha katikati. Pimeni jioni, pimeni tena jioni inayofuata, na mrudie mpaka uzito usishuke tena. Ndipo muandike.

Mzani urudi sifuri na chombo chake juu. Chombo cha gramu 20 kisipoondolewa, masafa yote yanasogea gramu 20 kulia, ncha zote mbili kwa pamoja, na upana unabaki mzuri vile vile.

Kwenye daftari wekeni safu ya nambari ya shamba tangu siku ya kwanza. Ulipoleta swali hapa hukuitaja, na bila ya safu hiyo hakuna ambaye angeweza kukuhesabia 871 hadi 1,009.

---

MwanaWete

Mashamba 12, miti mitatu mitatu. Kesho naanza na orodha ya sheha. Allah awalipe kheri.